Mzee Muhidin Anaruka Kamba

Siku Mzee Muhidin alipostaafu, kiwanda kilimpa blanketi, saa ya ukutani, na picha ya wafanyakazi wote wamejipanga mbele ya lango. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya mashine moja ya kukata miche ya sabuni kule Eneo la Viwanda. Alitoka Majengo kwa miguu alfajiri na kurudi kwa miguu jioni. Mkewe, Salme, alimpokea nyumbani na matumaini yake mwenyewe. Alimwona tayari ameketi barazani, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, gazeti mapajani, anaitikia salamu za wapita njia kama wastaafu wengine wenye heshima zao.

Wiki mbili Muhidin alikaa hivyo hivyo. Alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo ya watu asiowajua. Alitengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imeharibika, ikaharibika. Wiki ya tatu, alasiri moja, wasichana wa uchochoro wao walikuwa wanacheza kamba, mmoja wao akaitwa kwao kuoga. Kamba ikabaki na mshikaji mmoja. Nasima, msichana wa miaka tisa ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mchezo, akaangaza huku na huku, akamwona mzee ameketi bure.

"Babu, kuja utushikie!"

Muhidin akaenda kuwashikia. Hilo peke yake lisingemkosesha mtu usingizi. Lakini baada ya nusu saa alitangaza kwamba mshikaji naye ana haki ya zamu. Wasichana wakaona ni kweli. Basi mzee wa miaka sitini na mitatu akaikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akaihesabia kamba moja, mbili, akaingia.

Aliruka mara nne. Ya tano kamba ikamnasa kifundoni.

"Umeungua, Babu! Toka!"

Muhidin alicheka mpaka akaushika ukuta. Kesho yake akatoka akiwa amevaa suruali yake ya kazini.

Tangu siku hiyo ikawa ni desturi. Akishasali alasiri msikitini, akishapita dukani kununua chochote alichotumwa, Muhidin huenda uchochoroni kuruka kamba. Baada ya mwezi alikuwa akifikisha ishirini bila kuungua. Baada ya miwili alijua kuingia kamba ikiwa tayari inazunguka. Wapita njia walisimama. Vijana walimrekodi kwa simu. Mwendesha bodaboda mmoja alipaki kabisa, akazima pikipiki, akatazama mpaka mwisho.

Salme aliuza mahamri na mbaazi asubuhi, na viazi vya karai jioni, kwenye meza mbele ya nyumba yao. Kwa hiyo yote hayo yalipita mbele ya macho yake, na yaliyosemwa yalipita masikioni mwake. Jirani yake wa biashara, Falis, aliyekuwa akiuza madera na vitambaa vya kichwa, alikuwa na namna yake ya kuuliza.

"Mama Rufaida, mzee hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Hajambo kabisa?"

Na hilo "kabisa" Salme alikwenda nalo kitandani. Mtaani kila mtu alikuwa na sababu yake. Kuna waliosema ni moshi wa sabuni uliomwingia kichwani miaka yote hiyo. Kuna waliosema ni jini, na tena ni jini la kitoto, ndiyo maana linapenda michezo. Mmoja alisema ni sukari. Mwingine alidai Muhidin anajiandaa kuoa mke wa pili na anataka mwili upungue. Salme alipoyasikia hayo ya mke wa pili karibu ashukuru. Angalau hayo yangekuwa na akili ndani yake.

Alijaribu kuzungumza naye. "Baba Rufaida, wewe ni katibu wa kamati ya msikiti. Watu wanakutazama."

"Wacha watazame. Kutazama hakuna kodi."

"Wanacheka!"

"Na mimi nacheka," Muhidin akasema. Akaendelea kuzifunga kamba za viatu vyake.

Maneno yaliposhindwa, Salme alianza kuiba. Jioni moja aliikuta kamba ya wasichana imetundikwa kwenye msumari wa dirisha. Akaichukua, akaizika chini kabisa ya ndoo ya unga. Siku ya pili wasichana walikuja na kamba nyingine. Akaivizia, nayo akaizika. Wakaleta ya manila, wakaleta waya wa umeme uliovuliwa shaba, wakaleta kamba ya kuanikia nguo ambayo mama wa mtu aliitafuta siku tatu. Salme alizichukua zote. Alijifunza kutembea bila sauti. Aliacha hata kuvaa bangili.

Usiku akawa hapati usingizi. Mchana akisikia kicheko chochote, hata cha redio, moyo unamruka. Mwishowe aliiingiza meza yake ndani, akawaambia wateja anaumwa na mgongo, akashusha mapazia. Siku tisa Majengo haikuonja mahamri yake.

Jumapili binti yao wa pekee, Rufaida, alikuja kuwajulia hali. Rufaida alifanya kazi katika duka la dawa kule Kware, na kila mara aliingia kwa kelele. Siku hiyo aliingia akamkuta mama yake ameketi gizani saa kumi alasiri, ametega sikio.

"Mama! Mbona nyumba iko hivi? Na baba yuko wapi?"

"Baba yako amepata wazimu," Salme akasema, na machozi yakamtoka.

Rufaida aliketi, akasikiliza kila kitu tangu kanzu hadi bodaboda. Alitoka nje, akamtazama baba yake akiruka, akarudi ndani. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu zaidi.

"Kuna mwanasaikolojia anakuja kituo cha afya hapo chini, Jumanne na Alhamisi," akasema. "Anaitwa Vivian Nabwire. Nyinyi nendeni Alhamisi. Lakini muende wote wawili, mama. Usimtume peke yake."

"Atakubali?"

Muhidin alikubali bila hata kuuliza ni kwa nini. Alivaa kanzu safi, akajipaka mafuta ya udi.

Chumba cha Nabwire kilikuwa kidogo, chenye viti vitatu vya plastiki na dirisha lililotazama bomba la maji. Nabwire mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Viatu vyake vilikuwa vya chini na sauti yake haikuwa na haraka. Salme alimwona mdogo mno kwa kazi hiyo. Hata hivyo alipoanza kueleza hakuweza kuacha. Alieleza juu ya kanzu, kamba, simu za vijana, jini la kitoto. Nabwire aliandika mistari michache tu.

Kisha akamgeukia Muhidin. "Mzee, unalala vizuri?"

"Kama mtoto."

"Chakula?"

"Muulize yeye. Ananinyima chumvi, lakini nakula."

"Umewahi kusikia sauti ambazo wenzako hawazisikii? Kuna mtu anakuamuru uruke?"

"Nasima," Muhidin akasema. "Lakini huyo kila mtu anamsikia, mpaka barabarani."

Nabwire alitabasamu, ila hakuacha kuuliza. Alimwambia Salme waziwazi kwamba mtu mzima akibadilika ghafla ni vizuri kuangalia, kwa hiyo alikuwa amefanya vyema kuja. Akamuuliza Muhidin kama husahau njia, kama huwa anapotelewa na majina, leo ni siku gani.

"Leo Alhamisi. Na nje kwenye benchi kuna watu kumi na mmoja wanakungoja, kwa hiyo tusikuchoshe."

"Siku ya mvua inakuwaje?"

"Siruki. Kamba ikilowa inakuwa nzito."

"Na ukikosa kuruka unajisikiaje?"

"Ninasoma gazeti." Akailaza mikono mapajani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imetulia. "Daktari, miaka thelathini na mmoja miguu yangu ilikatazwa kusogea. Ukisogea, mche unakatika upande. Nilikuwa nasimama pale nahesabu miche. Siku ile wale watoto waliponiita, nilishangaa kwamba miguu bado inanisikia. Ni hilo tu."

Salme hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Lakini hofu ilikuwa imemshika, akaruka kutoka kitini. "Lakini si kawaida, daktari! Mwambie kwamba si kawaida!"

"Hilo neno kawaida, mama, ndilo linalotupa kazi sisi," Nabwire akasema. "Hakuna kipimo chake kama cha malaria, kwamba natoa tone la damu na kukupa jibu. Kuna maswali tunajiuliza, na hakuna hata moja linalotosha peke yake. La kwanza, jambo hili ni nadra? Ni wazee wangapi Majengo wanaruka kamba?"

"Mmoja! Huyu!"

"Kweli ni nadra. Na ni wangapi wamehifadhi Kurani yote?"

Salme akasita. "Wachache sana."

"Na hao mbona hamkuniletea?"

Muhidin alikohoa kuficha kicheko.

"Swali la pili, linakwenda kinyume na desturi? Hapa tunauliza pia, desturi ya nani, na wapi. Kwetu Busia, ngoma ikipigwa, mzee anayebaki amekaa ndiye anayeulizwa kama anaumwa. Hapa kwenu ni tofauti, na sidharau hilo. Lakini kuvunja desturi peke yake si ugonjwa. La tatu ni zito zaidi. Jambo hili linamtesa mtu? Linamnyima usingizi, linamtia hofu, linamfanya alie? Na la nne, linamzuia kuishi? Ameacha kazi, ameacha watu, amejifungia? Halafu tunaangalia kama kuna hatari kwake au kwa wengine. Mzee, kuna hatari?"

"Goti la kushoto," Muhidin akakiri.

"Basi tuyajibu," Nabwire akasema taratibu. "Katika nyumba yenu, ni nani asiyelala usiku?"

Nje bomba lilikuwa likidondosha maji.

"Nani ameacha kazi? Nani anaogopa akisikia watu wanacheka?"

Muhidin alimtazama mkewe. Hakukuwa na mzaha tena usoni mwake. "Ni yeye, daktari," akasema. "Na kuna kamba zinapotea. Nilijua, ila sikutaka kumwaibisha."

"Kamba ngapi, mama?" Nabwire akauliza.

Salme aliinamisha kichwa. "Tano."

Wa kwanza kucheka alikuwa Salme mwenyewe, kicheko kidogo kilichomponyoka bila ruhusa. Kikageuka kilio kabla hajakimaliza. Nabwire akamwomba Muhidin asubiri nje kidogo.

Walipobaki wawili, Salme alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa zaidi ya miaka arubaini. Baba yake, Jamil, alikuwa fundi wa viatu hapo hapo Majengo. Salme akiwa na miaka kumi na moja, baba yake alianza kutembea na kiatu kimoja, akizungumza na kuta, akisema kuna watu wanamfuata. Na kweli walikuwepo waliomfuata. Walikuwa watoto wa mtaa, makundi kwa makundi, wakipiga makopo na kucheka. Alipelekwa hospitali ya akili, akarudi amenyamaza, akafariki baada ya miaka mitano. Salme alipoolewa alimwambia mumewe, aliyekuwa mgeni Majengo, kwamba baba yake alikufa kwa kifua.

"Nikimwona Muhidin pale katikati ya watoto, na watu wanacheka," akasema, "nasikia yale makopo."

Nabwire aliacha kalamu. "Baba yako alipokuwa akitembea vile, alikuwa akicheka?"

"Hapana. Alikuwa akiogopa. Usiku alilia."

"Basi alikuwa mgonjwa, mama, kama anavyougua mtu wa moyo au wa figo. Alihitaji dawa na watu wa kumshika mkono. Waliokosea ni waliopiga makopo. Na mumeo?"

Kupitia mlangoni waliisikia sauti ya Muhidin akiwaeleza watu wa benchi jinsi siku moja mashine ilivyotapika sabuni hadi ofisini kwa meneja, na benchi zima linamcheka, naye anacheka kuwashinda.

"Nitakuona tena Alhamisi ijayo," Nabwire akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Tuzungumze juu ya baba yako na juu ya usingizi. Sijakupa jina la ugonjwa wowote, na huenda hakuna. Lakini kinachokutesa ni cha kweli, na hakuna sababu ukibebe peke yako."

"Na yeye?"

"Yeye anunue viatu vyenye soli nzuri."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Muhidin upande wa barabara kama alivyozoea kumkinga na magari. Walipofika penye mafundi wa viatu, Salme alisimama, akamwambia yote. Alimaliza akiwa anatazama chini.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Ungekataa kunioa. Watu walisema wazimu unakwenda kwa damu."

"Salme," Muhidin akasema, "nilikuoa nikiwa sina hata kitanda. Mtu asiye na kitanda anachagua damu?"

Walitembea tena hatua kadhaa. Kisha Muhidin akauliza, "Alikuwa akitengeneza viatu vya namna gani?"

Salme alishangaa. Watu wote waliomjua baba yake walikuwa wakikumbuka miaka mitano ya mwisho. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Makubadhi," akasema. "Ya ngozi nyekundu, na ushonaji wa mistari miwili pembeni. Alikuwa hawezi kuona mtu amevaa kiatu kibaya. Angemsimamisha njiani, amvue, amshonee bure." Akaendelea kueleza mpaka wakafika mlangoni, na baada ya mlango wakaendelea jikoni.

Kesho yake alasiri Salme alitoka na ndoo ya unga. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye kizingiti bila la kufanya. Alizitoa kamba moja moja, nyeupe zote, kama tambi.

Nasima aliruka juu. "Kumbe ni wewe, bibi! Sisi tulisema ni panya!"

"Ni mimi. Nisameheni, wanangu."

Nasima alifikiri kwa uzito wa hakimu. "Sawa. Lakini lazima utupee mahamri."

"Mengi?"

"Ya wote."

Waliposhika kamba ya kwanza na kuizungusha, wingu la unga likapanda, likawafunika wao, Muhidin na nguo za jirani zilizoanikwa. Majirani walitoka kulalamika, wakamkuta katibu wa kamati ya msikiti mweupe kuanzia kofia hadi ndevu. Malalamiko yakafia hapo hapo. Salme aliwasikia wakicheka. Moyo wake uliruka, ukatulia, ukaruka tena kidogo tu. Hakukimbilia ndani.

Haukuwa uponyaji wa siku moja. Alhamisi ya pili alilia sana. Ya tatu alizungumza juu ya makopo bila kuziba masikio. Nabwire alimfundisha namna ya kupumua anaposhtuka, na kumwandikia mambo ya kufanya kabla ya kulala, na lile la kutokunywa chai ya rangi saa tatu usiku ndilo alilolipinga zaidi. Baada ya mwezi alikuwa analala mpaka adhana. Meza ilikuwa imerudi nje, mbaazi zinatokota, na foleni ya asubuhi ilifika kwa Falis.

Asubuhi moja wateja walipopungua, Falis alisogeza kiti chake karibu.

"Mama Rufaida, nimesikia mlimpeleka mzee kwa daktari wa akili."

"Tulikwenda."

"Na bado anaruka. Kwa hiyo hakupona?"

Salme aligeuza hamri kwenye mafuta. Zamani swali hilo lingemfungia ndani wiki nzima. "Daktari alimpima, akamwona mzima. Aliyebaki na daktari ni mimi."

"Wewe?" Falis akastaajabu. "Wewe una nini?"

"Nilikuwa silali. Nilikuwa naogopa watu wakicheka. Nilikuwa naiba kamba za watoto." Akamkabidhi hamri la moto kwenye karatasi. "Sasa nalala."

Salme alingoja kicheko. Falis hakucheka. Alilishika hamri bila kuling'ata mpaka mafuta yakapenya kwenye karatasi. Alitazama madera yake yakipepea kwenye kamba zake, akatazama barabara kama kuna mtu anayesikiliza. Kisha akainama karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo Salme hakujua kwamba anayo.

"Huyo daktari ni mkali?"

"Hata kidogo."

"Mimi tangu dada yangu afariki, kila asubuhi nafungua biashara hii nikiwa sitaki. Nakaa tu nauliza watu habari zao ili wasiniulize zangu." Akaikunja pembe ya karatasi. "Anakaa siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi," Salme akasema, akivuta kiti chake kikaribiane na cha Falis. "Wewe njoo Alhamisi, tutakwenda pamoja. Tufike mapema, saa mbili, kwa sababu benchi linajaa. Sasa kula hilo hamri kabla halijapoa, halafu uniambie habari za dada yako."